Simu Isiyopokelewa

Maisaka, Babati
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Lemaron,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Sisi hatujambo. Duka langu la vifaa vya shule pale karibu na stendi linaendelea. Shemeji yako Theophil bado anafundisha, na mafua yake ya kila mwaka yamemrudia. Mvua imeonja tu ikaondoka. Asubuhi mlima Kwaraa unajifunga mawingu, ikifika mchana umeshajifungua. Watu wa Mutuka wamepanda mbaazi kwa imani.

Nimeanza na hayo ili nipate nguvu ya kuandika kuhusu baba. Macho yamekwisha kabisa. Daktari amesema si mtoto wa jicho, ni mshipa, na hayarudi. Anatofautisha mwanga na giza tu. Mwenyewe hakubali kwamba haoni. Anasema, "Siku hizi watu wa Babati hawawashi taa." Maziwa yake anakunywa asubuhi na jioni, redio anasikiliza, na bado anamkosoa Theophil kwa mwendo wake: "Mwanaume anaburuta ndala kama amechoka kuzaliwa."

Barua zako anazishika yeye kwanza kabla sijamsomea. Anazinusa. Anasema karatasi ya huko ina harufu ya baridi.

Jambo lenyewe ni hili. Anataka kukubariki. Hajasema anakufa, lakini juzi aliniita akaniambia, "Mwambie yule layoni kwamba baba yake amebakiwa na mate machache ya baraka. Asije akakuta mdomo umekauka." Wewe una miaka karibu arobaini na bado ni layoni wake, kijana ambaye hajatahiriwa.

Amenituma pia nikukumbushe kuhusu simu, ingawa hujawahi kukosea. Tangu siku ile simu ilipoleta habari za kifo cha kaka yetu mkubwa, ambaye jina lake hatulitaji tena, sheria ya baba ni ileile. Aliye mbali anaandika. Simu ya aliye mbali ikilia, ni kifo chake. Theophil anasema hii ni sheria ya mzee mmoja, si ya Wamasai wote. Ni kweli. Lakini mzee mmoja ndiye tuliye naye.

Picha uliyotuma tumeipata. Mbona kila picha umevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi shingoni, hata ile ya ndani ya ofisi? Baba aliuliza masikio yako yakoje, nikamwambia yamefunikwa. Akacheka. Akasema aliyatoboa kwa mkono wake mwenyewe na kuyavuta mwenyewe, na kwamba macho yakizima atakujua kwa hayo.

Niandikie tarehe. Usiniandikie "mwakani", niandikie tarehe.

Dada yako,
Seleina


Ulm, Ujerumani
1 Desemba 2024

Dada Seleina,

Shikamoo. Mpelekee na baba shikamoo yangu, umwambie nainamisha kichwa kutoka huku. Mimi ni mzima. Theluji imeanza. Mpangaji mwenzangu, mzee wa Kituruki, amenifundisha kupika dengu, nami nimemfundisha kupika ugali, na sote wawili tunakula kwa adabu tu.

Habari ya macho imeniuma. Sina la kusema ambalo halijasemwa na daktari.

Uliniambia zamani kwamba baba huuliza kazi yangu ni nini hasa, na kwamba jibu lako la "mhandisi wa magari" halimtoshi, kwa sababu hata Theodori wa gereji pale Bagara ni mhandisi wa magari. Basi msomee haya.

Gari letu ni lori. Halichomi dizeli. Limebeba haidrojeni kwenye mitungi. Ndani yake kuna seli nyembamba, zimepangwa kama sahani kabatini. Haidrojeni inapita upande mmoja, hewa upande mwingine, katikati pana utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Vinapokutana hapo unatoka umeme, na umeme ndio unaosukuma magurudumu. Kinachotoka nyuma ni maji. Na seli zote zimefungwa pamoja, hivyo moja ikifa, lori zima linasimama.

Sasa hayo maji ndiyo adui. Ukizima lori kwenye baridi, maji yaliyobaki ndani yanaganda na barafu inachana utando. Ukiyapuliza yote yatoke, utando unakauka na kupasuka. Miaka yangu yote hapa nimefanya kazi hiyo moja: namna ya kuzima lori ili liweze kuwaka tena. Wenzangu hufurahia linapowaka. Mimi hufurahia linapozimwa vizuri.

Mwisho wa Januari tuna jaribio kubwa. Lori litalala nje mlimani, kwenye baridi kali kuliko zote tulizowahi kujaribu, na asubuhi litawashwa mbele ya wanunuzi. Ofisini kuna mabadiliko kidogo, si ya kukusumbua. Likiwaka, nakuja Pasaka. Umetaka tarehe: 18 Aprili.

Kuhusu kofia, huku ni baridi.

Mdogo wako,
Lemaron


Maisaka, Babati
5 Januari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka. Barua yako ilikaa posta wakati wa sikukuu, ndiyo maana nachelewa. Theophil amepona mafua na sasa ameanza kulalamikia mgongo. Mbaazi za Mutuka zimeota nusu.

Nilimsomea baba habari za lori mara mbili. Mara ya pili alinisimamisha.

"Linakunywa hewa?"

"Ndiyo, baba."

"Linakojoa maji safi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na yeye kazi yake ni kuzuia mkojo usigande."

Theophil alicheka hadi akatoka nje. Baba hakucheka. Akasema, "Sisi Simanjiro tumezika ng'ombe kwa kukosa maji. Yeye amekwenda mbali kupigana nayo." Baadaye akaongeza kwamba anayejua kuzima moto bila kuua kaa lake ni mtu wa maana, na kwamba mama yetu alikuwa hivyo.

Tarehe yako nimemwambia. Amemwagiza binamu yako kule Simanjiro asiuze yule mtamba wako mwekundu mpaka uje umwone. Kila asubuhi ananiuliza Aprili imebakiza miezi mingapi, nami namjibu, naye anasema "mingi".

Lakini umeandika "mabadiliko kidogo, si ya kukusumbua". Mimi ndiye niliyekulea baada ya mama kufariki, Lemaron. Ulipovunjika mkono ulisema umeteleza kidogo. Mabadiliko gani?

Seleina


Ulm
21 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, mizigo iko mlangoni. Tunaondoka kwenda mlimani. Keshokutwa lori linalala nje na Ijumaa asubuhi linawashwa.

Baba mwambie amesema sawa kuhusu mkojo. Nimewasimulia wenzangu na wameandika maneno yake ubaoni kwa Kijerumani.

Mimi ni mzima kabisa. Nalala vizuri. Nakula vizuri. Kila kitu kiko vizuri.

Lemaron


Babati, dukani
2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Naandikia dukani kwa sababu nyumbani siwezi. Sijui kama barua hii inakwenda kwa mtu. Nitaandika kwa mpangilio, kama ninavyoandika kwenye daftari langu la kila siku, la sivyo sitamaliza.

Ijumaa, tarehe 24 Januari, niliacha simu yangu nyumbani ikichaji kwa sababu umeme wa dukani ulikatika. Theophil alikuwa amekaa barazani na baba. Simu ikalia. Theophil akaichukua, akaona jina lako, akafurahi. Unajua Theophil, kwake simu ni simu. Akasema kwa sauti, "Mzee, mwanao huyu anapiga kutoka Ulaya!"

Baba akamshika mkono. Theophil anasema hajawahi kushikwa na mzee kwa nguvu namna ile. Akasema, "Usipokee."

"Mzee, ni Lemaron."

"Usipokee. Nimeshaisikia."

Ikalia mpaka ikachoka. Haikulia tena.

Niliporudi nilimkuta baba ameshavua shanga zake na kuziweka chini. Nilikimbia na simu hadi nyuma ya nyumba, nikakupigia. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Haipatikani. Nimekutumia ujumbe kila siku tangu siku hiyo, na hakuna hata mmoja uliofika. Theophil ameandika kwa kampuni yako kwa barua pepe. Wamejibu kwa Kijerumani, mwalimu mmoja wa hapa akatusaidia kusoma. Wanasema hawatoi habari za watu ambao si wafanyakazi wao.

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Si mfanyakazi wao. Kwa nini usiwe mfanyakazi wao?

Mimi si mtu wa kuamini sheria ya simu. Nimesoma hadi kidato cha nne, nauza vitabu vya sayansi. Lakini ni mtu gani anayejua sheria hii maisha yake yote, hajawahi kuivunja hata mara moja, halafu anapiga, kisha simu yake inazimika?

Baba amenyoa kichwa. Amekataa maziwa, anakunywa maji tu. Jina lako halitajwi ndani ya nyumba. Jana Theophil alilitaja kwa bahati mbaya, na baba akafunika masikio kama mtoto.

Barua hii naituma kwa wale wasafirishaji wa haraka kupitia Arusha. Kama upo, nijibu kwa njia yoyote. Kama hupo, yeyote anayefungua hii, tafadhali, mimi ni dada yake.

Seleina


Babati
16 Februari 2025

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 21 Januari imefika. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha niliichana pale pale posta. Kisha nikasoma tarehe. Umeiandika kabla ya simu.

Hata hivyo nilikimbilia nyumbani nikamwambia baba, "Ameandika! Ni mzima." Akanyoosha mikono, nikampa. Akainusa. Akaniuliza ni ya siku gani, nami sikuweza kumdanganya.

"Barua ni kama mwanga wa nyota," akasema. "Inafika, na mwenyewe ameshaondoka."

Nikamwambia, baba, je, akipiga tena na ukasikia sauti yake? Akasema redio kila siku inasemesha watu waliozikwa zamani, sauti si mtu. Nikamuuliza, je, akituma barua mpya? Akasema, kwa mara ya kwanza, kwamba haoni, na mimi nampenda, kwa hiyo naweza kumsomea chochote. Hana hasira anapoyasema haya. Amekaa tu na kichwa chake kilichonyolewa, na kila ninachomletea amekwisha kukijibu. "Aje mtu nimshike," anasema. "Mimi najua masikio niliyoyatoboa."

Amedhoofu. Daktari alikuja nyumbani, akasema hana ugonjwa, ila mwili wa umri ule haungojei. Ametuma neno Simanjiro kwamba ng'ombe wako wagawanywe kama wa mtu aliyekwenda. Binamu zako wameanza kubishana nani apate mtamba mwekundu.

Nimeisoma tena barua yako. "Nalala vizuri. Nakula vizuri. Kila kitu kiko vizuri." Tangu lini ukasema kitu mara tatu?

Nimegundua sijaandika jina lako kwenye barua hii, wala ile iliyopita pale juu. Nimezoea kulikwepa. Lemaron. Nimeliandika.

Seleina


Ulm
24 Februari 2025

Dada Seleina,

Shikamoo. Nipo.

Nisamehe kwamba nimeandika neno hilo baada ya salamu. Barua zako mbili nimezisoma leo kwa pamoja. Sikuwa nafungua sanduku la barua. Sikuwa nafungua chochote. Mzee wa Kituruki ndiye aliyeziona zimejaa, akazipitisha chini ya mlango na kugonga mpaka nikaamka.

Lori liliwaka, dada. Ijumaa ile asubuhi liliwaka bila kusita, kwenye baridi ambayo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Watu walipiga makofi. Mmoja alinibeba. Mchana wakatuita kwenye chumba cha mikutano cha hoteli na kutuambia kwamba idara inafungwa. Uamuzi ulikuwa umefanywa tangu Novemba. Wanunuzi waliokuja hawakuwa wanunuzi wa lori, walikuja kuangalia mashine za kununua zikishavunjwa. Hayo ndiyo yalikuwa mabadiliko kidogo. Nilikuwa nimesikia fununu, nikajiambia likiwaka watabadili mawazo.

Wakaniambia nikalizime. Nikaanza kulikausha kama kawaida, mkubwa wangu akaja akasema hakuna haja, halitawashwa tena, zima tu. Nililikausha hata hivyo. Akasimama pembeni akiningoja, akitazama saa yake. Nilipomaliza nikatoka kwenda kutembea.

Simu niliyokupigia ilikuwa ya kampuni. Niliirudisha jioni ile pamoja na kadi ya mlango. Sikununua nyingine. Sikutaka kuwa na kitu kinachoweza kulia.

Usiniulize nilikuwa nimesimama wapi nilipopiga, wala nilikuwa nimekwenda kufanya nini. Sheria ya baba niliijua. Sikuisahau. Nilipiga tu.

Sasa nisikilize. Kuna kampuni ya Uholanzi inayotengeneza mabasi ya haidrojeni. Walisikia habari za jaribio letu, wakaniita kupitia mwenzangu mmoja wa kazi aliyekuja hadi mlangoni. Ni kazi ileile, ya kuzima. Wananitaka niripoti mwenyewe tarehe 12 Machi na kutia sahihi, na bila kazi mpya kibali changu cha kukaa kinaisha mwishoni mwa mwezi huo. Mtu akitoka bila kazi, mlango unafungwa nyuma yake. Nilikuwa nimewajibu ndiyo kupitia kwake asubuhi ya leo, saa chache kabla ya barua zako kupitishwa chini ya mlango.

Nimeitafuta njia kama ninavyotafuta hitilafu. Sauti baba ameikataa, barua ameikataa, picha hawezi kuiona. Niliwapigia Waholanzi kwa simu ya mzee wa Kituruki nikawaomba wanisubiri. Walikuwa wapole sana. Wana watu wengine wanaongoja.

Nakuja. Tiketi ya mapema ninayoimudu ni ya tarehe 11, nafika Kilimanjaro tarehe 12, Babati siku ile ile nikipata basi.

Kuna jambo moja kuhusu masikio yangu. Nitakueleza tukionana.

Lemaron


Maisaka, Babati
8 Machi 2025
(Imeachwa mezani, chini ya kibakuli cha sukari)

Lemaron,

Barua yako imefika. Nilimkumbatia yule kijana aliyeileta hadi akaogopa. Theophil amelia, atakataa ukimuuliza.

Ukifika utakuta sipo. Ng'ombe wako wanagawanywa wiki hii na baba zetu wadogo hawamngoji mtu. Nakwenda Simanjiro kuwaambia kwa mdomo wangu kwamba u hai. Kule bomani simu haishiki, kwa hiyo kama kuna neno, mpe Luqmani, dereva wa lori la magadi. Anapita pale na ananifahamu.

Baba sijamwambia kwamba unakuja. Nikimwambia, halafu ndege ikachelewa au kitu kikatokea, nitakuwa nimemzika mwanawe mara mbili. Tangu jana hazungumzi sana. Maji anakunywa kwa kijiko.

Usimsemeshe kwanza. Inamisha kichwa, akuguse. Akishika masikio, kila kitu kitakwisha.

Seleina


Maisaka, Babati
14 Machi 2025

Dada Seleina,

Shikamoo. Naandika kwenye meza yako, barua yako iko mbele yangu. Theophil hajambo, anaburuta ndala kweli. Mvua imenyesha tangu jana na Kwaraa hauonekani. Luqmani ameniahidi kuifikisha kwako, injini yake inangoja barabarani, kwa hiyo sitaisoma tena.

Nilifika juzi alasiri. Baba alikuwa barazani ndani ya shuka, mdogo kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuwa. Nilifanya ulivyosema. Sikusema neno. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa, nikauchukua mkono wake nikauweka. Akapapasa utosi. Mkono ukashuka hadi sikioni, ukasimama.

Niliyashonesha masikio, dada. Ni miaka saba sasa. Kila kikao watu walikuwa wakitazama masikio yangu na si michoro yangu, nikachoka, daktari akayaziba kwa mchana mmoja. Ndiyo maana ya kofia. Sikujua nilikuwa nashona kitu gani.

Akahamia sikio la pili. Kisha akaurudisha mkono wake kwenye shuka.

"Karibu, mgeni," akasema.

"Baba, ni mimi. Ni Lemaron."

"Jina hilo halitajwi hapa. Wewe ni mgeni, hukujua, si kosa lako."

Nilimwambia kila kitu ambacho mtoto wake tu angekijua. Ng'ombe mwenye pembe iliyopinda aliyemkanyaga mama. Siku nilipopoteza ndama korongoni. Alisikiliza kwa adabu, akaitikia kwa kichwa. "Alipenda sana kusimulia," akasema. "Naona na wewe alikusimulia."

Theophil alikuwa amesimama mlangoni, analia waziwazi, anasema, "Mzee, naapa, ndiye." Baba akamwambia mume wa binti yake ana moyo mzuri tangu zamani.

Dada, nilikaa pale chini kwenye saruji na nikaona kwamba nimemaliza kila kitu. Kazi nimeiacha, mlango wa huko umefungwa, na huku mimi ni maiti. Sikuwa na chombo kingine mkononi. Nilitaka kuinuka niondoke, niende popote.

Ndipo akaniuliza, "Umetoka huko alikokuwa?"

"Ndiyo."

"Siku ile ya simu, ulikuwa karibu naye?"

Nikasema, "Nilikuwa naye."

"Amesimama au amelala?"

"Amesimama."

"Wapi?"

Nikamwambia mahali. Wewe bado sikuambii, na nakuomba usimwulize. Baba hakushtuka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitishiwa alichokijua siku nyingi.

"Alikuwa anataka nini?"

"Alitaka kusikia sauti yako."

"Na mimi nikasema isipokelewe."

"Ndiyo, baba."

Redio ilikuwa inatangaza bei za alizeti, Theophil akaenda kuizima. Nikaona lazima niseme lililobaki, maana lilikuwa kweli, na hakuna mwingine duniani angeweza kumwambia.

"Simu ililia muda mrefu," nikasema. "Wakati inalia, alijua kuna nyumba inaisikia. Alikaa anaisikiliza mpaka ikakatika. Mpaka hapo alikuwa ameshasogea nyuma."

"Nyuma?"

"Nyuma, baba. Mbali na pale."

Midomo yake ikatikisika. Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Akamwambia Theophil alete maziwa.

Alikunywa, dada. Theophil alishika kibuyu kwa mikono miwili na bado yakamwagika kwenye kidevu. Akakunywa tena. Yaliyobaki mdomoni akayapuliza kwenye paji la uso wangu, yakashuka machoni, na akayasema maneno yote ya baraka, yale marefu, bila kuruka hata moja. Aliyasema kwa ajili ya mgeni aliyekaa na mwanawe. Kisha kidole chake gumba kikarudi sikioni na kukaa pale kwenye mshono.

"Nani alikushona?"

"Daktari."

"Ameshona vibaya," akasema, na akasinzia mkono ukiwa hapo hapo. Sikuutoa.

Jana amekunywa maziwa mara mbili. Leo asubuhi aliuliza kama mgeni bado yupo, na kama anajua kukamua. Nimesema najua.

Ng'ombe waache wagawane, hata mtamba mwekundu. Usibishane nao. Sijui kesho nitafanya kazi gani, sijui kama Theodori wa Bagara anahitaji msaidizi, na kuna saa hapa mchana ambazo siwezi kuzieleza. Lakini nimeshika kibuyu cha baba na maziwa yamepungua.

Rudi upesi. Ukifika, usiniite jina langu mbele yake. Niite mgeni. Nitaitika.

Mdogo wako